Tairi na rimu za otokrosi: Yokohama A052, Bridgestone RE-71RS, Hankook RS4 na Enkei RPF1, haya ndo maoni yangu

Wadau, nianze na jibu kabisa ili mwenye haraka asisumbuke. Kama unaingia kwenye otokrosi, ule mchezo wa kukimbiza gari kati ya koni ukipimwa na saa, na una hela ya kitu kimoja tu, nunua tairi, rimu iache kwanza. Na kama una hela ya vyote viwili, chagua tairi kwanza ndo utafute rimu ya kuivalisha hiyo tairi, sio uone rimu kali inang'aa afu uanze kuuliza tairi gani itaingia humo. Naona watu wengi wanafanya kinyumenyume, gari imependeza, picha zimetoka safi, ikifika kwenye koni mbele inateleza tu na gari kuukuu yenye rimu za kiwandani na tairi nzuri inaipiga sekunde mbili. Na sekunde mbili kwenye mchezo huu sio mchezo, ndo adhabu ya kuangusha koni moja kwa sheria za SCCA, klabu kubwa ya mbio za magari kule Marekani, yaani mwenzako anaangusha koni nzima na bado mnakuwa sawa.

Gari yangu ni Toyota 86. Inatoka kiwandani na rimu ya 17 upana inchi 7, ofseti 48 (ofseti nitaieleza mbele), nati tano kwa mpangilio wa 5x100, yaani zimekaa kwenye duara la milimita 100, tairi 215/45R17, yaani upana milimita 215, kimo cha ubavu asilimia 45 ya upana huo, rimu ya inchi 17. Naitaja kwa sababu ndo naijua kwa mkono, ila hesabu nitakazoweka hapa ni zile zile hata kama una Mazda Miata, Civic au Golf.

Sasa kabla ya kutaja tairi yoyote lazima tukubaliane huu mchezo unataka nini, maana hapa ndo watu wanapotoshwa na maoni ya watu wa saketi, yaani viwanja vya mbio. Otokrosi ni koni zimepangwa kwenye lami ya wazi, unaingia gari moja moja, unazunguka kama dakika moja hivi, unatoka, umemaliza. Karibu njia yote uko gia ya pili. Zamu unazopata kwa siku ni chache, na kati ya zamu moja na nyingine unakaa foleni injini imezimwa tairi zinapoa. Kwa hiyo tairi ya otokrosi inatakiwa ishike tangu kona ya kwanza kabisa ikiwa baridi, haina dakika kumi za kujipasha moto kama kwenye saketi. Tairi ambayo mtu wa saketi anaisifia kwamba inavumilia nusu saa bila kulegea, kwako wewe inaweza ikawa ndo kwanza inaamka wakati ushavuka mstari wa mwisho. Mimi kila tairi naipima kwa swali hilo moja tu, dakika ya kwanza inafanya nini?

Kuhusu ile namba ya tredwea, yaani kulika kwa tairi, iliyoandikwa ubavuni, 200, 300, 100 na kadhalika. Klabu nyingi zinafuata mfumo wa kwamba daraja za tairi za barabarani lazima tairi iwe 200 kwenda juu, ndo maana makampuni mengi makubwa yana tairi moja iliyokaa pale pale kwenye 200, imetengenezwa kwa ajili yetu sisi na watu wa saketi. Ila usidhani namba hiyo inakwambia tairi itadumu kiasi gani au itang'ata lami kiasi gani. Jaribio lenyewe la Marekani linafanyika kwenye barabara za kawaida karibu na San Angelo, Texas, mzunguko wa maili 400 unaorudiwa mpaka zitimie maili 7,200, kama kilomita 11,600 hivi, tairi inalinganishwa na tairi ya kipimo, halafu mtengenezaji mwenyewe ndo anaandika namba. Mtengenezaji mwenyewe! Ndo maana unakuta tairi mbili zote zimeandikwa 200 na moja inaisha haraka mno kuliko mwenzake. Tukisema hii ni tairi ya 200 tunamaanisha inaruhusiwa kwenye daraja, basi.

Haya, Yokohama Advan A052. Hii ndo tairi iliyonifanya nielewe watu wanaongea nini wakisema gripu, yaani tairi kushika lami. Unatoka mstari wa kuanzia tairi ikiwa haijapata moto wowote, unaingia kona ya kwanza kwa mwendo ambao tairi ya kawaida ingeshapiga kelele na kukupeleka kwenye koni za nje, na gari inageuka tu. Inapata moto haraka kuliko tairi yoyote ya 200 niliyowahi kuendesha na hilo sio maoni yangu peke yangu, ukienda kwenye mashindano yoyote makubwa ya otokrosi utaziona zimejaa. Kwenye lami yenye maji pia inasifiwa sana, jambo ambalo kwa tairi yenye kompaundi (mchanganyiko wa mpira) laini namna hii na kashata (vile vipande vya mpira kati ya mifereji) chache wengi hawalitegemei. Hisia ya usukani ni laini kidogo, ubavu wake sio mgumu wa kupitiliza, kwa hiyo ukikata usukani kuna kanafasi kadogo kabla pua haijafuata, ila ukishakazoea unajua kalipo na unaendesha nako.

Tatizo la A052 ni joto na maisha. Joto kwa maana kwamba ile ile haraka ya kupata moto inakuwa hasara siku ya jua kali, hasa kama mnashiriki gari moja madereva wawili, mmoja anatoka mwingine anaingia, tairi haipati muda wa kupoa, na ikivuka kiwango chake unaanza kuhisi mbele inaelea. Ndo maana utaona watu wamesimama foleni na lile bomba dogo la kupulizia dawa shambani, ndani maji tu, wananyunyizia tairi za mbele mpaka zitoe mvuke. Sio mbwembwe, inasaidia kweli. Kwa upande wa maisha, inaisha haraka, hilo linajulikana na kila anayeinunua. Kama gari yako haina kemba (gurudumu kuinamia ndani kwa juu) ya kutosha mbele, bega la nje linalika huku katikati bado kuna kashata nzima, inauma ukiangalia. Mwenye gari moja tu, anaenda nayo kazini na wikendi anaingia nayo kwenye koni, A052 simshauri hata kidogo.

Bridgestone Potenza RE-71RS ndo iko kwenye gari yangu sasa hivi naandika. Jina la RE71 ni la tangu miaka ya 1980, lilivaliwa hadi na Porsche 959, halafu likafufuliwa na RE-71R iliyotawala otokrosi kwa miaka kadhaa, na hii RS ikatoka Japani 2020 kuchukua nafasi yake. Ukitoka kwenye A052 kuja kwenye hii kitu cha kwanza utakachosikia ni usukani. Ubavu mgumu, jibu la papo hapo, unakata na pua imeshaenda. Kwenye slalomu, yale mapito ya kushoto kulia kushoto kulia, hapo ndo naipendea, maana gari inabadilisha upande bila kuchelewa na hukosi mdundo. Gripu ya mwisho kabisa kwenye kona ndefu nadhani A052 bado inaizidi kidogo, ila kwangu mimi tofauti hiyo naifidia kwa sababu naiamini zaidi, naweza kukaa karibu zaidi na koni. Baridi kabisa ile zamu ya kwanza inataka kona mbili tatu kabla haijawa yenyewe, sio mbaya, ila unaona tofauti na A052. Na inavumilia joto vizuri zaidi, madereva wawili wanaweza kuitumia siku nzima na maji kidogo tu.

Hankook Ventus RS4 ni mnyama tofauti. Hiyo ni tairi ya watu wa mbio ndefu, inakaa, inakaa, inakaa. Kwenye otokrosi zamu ya kwanza iko baridi na unaisikia, ya pili inaanza kuongea, ya tatu iko vizuri, na hapo siku imekaribia kuisha. Ukiwa unashindania nafasi hiyo ni hasara. Lakini wewe unayeanza mimi ningekwambia chukua hii na nina sababu. Msimu wa kwanza hushindani na mtu, unashindana na macho yako, unajifunza kuangalia mbele, unajifunza lini uachie gesi, na hayo yanahitaji zamu nyingi mno. Tairi inayodumu inakupa zamu nyingi kwa hela ile ile. Isitoshe tairi yenye gripu kubwa kupita kiasi inaficha makosa, unaingia kona vibaya na tairi inakuokoa, unadhani umejua kumbe tairi ndo imejua. RS4 inakwambia ukweli mapema na taratibu, inaanza kulia, inaanza kuteleza kidogo kidogo, una muda wa kurekebisha.

Falken Azenis RT660 nimeiendesha kwenye gari ya jamaa yangu, iko kati kati ya hao wote, inashika vizuri na haikusumbui, wala sina la kuilaumu. Kumho Ecsta V730 na Nankang CR-S watu wanazitumia sana pia lakini sijazikalia vya kutosha kuzitolea hukumu. Michelin Pilot Sport 4S yenye tredwea 300 ni tairi bora ya barabarani yenye mwendo, kwenye mvua na safari ndefu ina raha yake, na mtu wa gari moja anaweza kuingia nayo kwenye koni akafurahi, ila usitegemee kukimbizana na hizo za 200. Halafu kuna zile za mbio zenyewe, Hoosier A7, kampuni ilitengeneza A7 kwa otokrosi na R7 kwa saketi, na A7 ndo ile inayopata moto haraka. Hiyo ni dunia nyingine, unaingia daraja jingine, unabeba seti nzima kwenda nayo uwanjani na kuibadilisha pale pale, na mashindano ya daraja hilo yana gharama zake. Ukifika huko hutahitaji maoni yangu.

Tukija kwenye upana. Hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndo sehemu yenye faida kubwa ambayo haionekani kwenye picha. Kila saizi ya tairi ina upana wa rimu unaoruhusiwa, mfano 225/45R17 inakubali rimu ya inchi 7 mpaka 8.5, na 245/40R17 inakubali 8 mpaka 9.5. Mtu wa barabarani anakaa katikati ya hapo na anaishi vizuri. Mtu wa otokrosi anataka upande wa juu wa hiyo nafasi, kwa sababu rimu pana inanyoosha ubavu wa tairi ukasimama wima, na ubavu uliosimama hauegemei sana gari ikilala kwenye kona, kwa hiyo sehemu inayogusa lami inabaki bapa. Tairi ile ile moja, 245 kwenye rimu ya 8 na 245 kwenye rimu ya 9, ni kama tairi mbili tofauti. Ile ya kwanza ina kaulegevu, unakata usukani tairi inajikunja kwanza ndo gari inafuata. Ile ya pili inajibu. Kwa hiyo mtu akiniuliza aongeze upana wa tairi au upana wa rimu namwambia rimu, tena bila kufikiria.

Ila soma sheria za klabu yako kwanza kabla hela haijatoka mfukoni. Kwenye daraja za Street za SCCA kwa mfano huruhusiwi kubadilisha upana wa rimu, lazima uwe ule wa kiwandani, kipenyo unaweza kupanda au kushuka inchi moja, ofseti isipishane na ya kiwandani zaidi ya milimita 7 hivi. Kwa hiyo 86 kama yangu kwenye Street inabaki na rimu ya inchi 7 na watu wanaibania 225 humo. Mimi nilitaka inchi 9, nikakubali kwenda daraja jingine ambako wenzangu nao wana inchi 9 na shokapu za kurekebisha. Sio kwamba nimekuwa na kasi kuliko wao, nimekuwa sawa nao kivifaa tu. Ukiweka rimu pana bila kujua unajikuta unashindana na watu waliomaliza gari yote.

Rimu niliyoichukua ni Enkei RPF1, 17x9 ofseti 45. Ngoja niweke hesabu ya ofseti hapa maana mafundi wengi wanakwambia itaingia hiyo halafu unarudi nyumbani tairi inakwangua fenda. Ofseti ni umbali kati ya mstari wa katikati ya rimu na pale rimu inapokaa kwenye habu. Rimu ya kiwandani inchi 7 ni milimita 177.8, nusu yake 88.9. Rimu mpya inchi 9 ni 228.6, nusu 114.3. Kuelekea ndani unajumlisha ofseti, kwa hiyo ya zamani ilifika 88.9 na 48, yaani 136.9, na mpya inafika 114.3 na 45, yaani 159.3. Tofauti milimita 22.4 kuelekea kwenye shokapu. Kuelekea nje unatoa, ya zamani 40.9, mpya 69.3, tofauti 28.4 kuelekea kwenye fenda. Ukishakuwa na hizo namba mbili unaenda kwenye gari na rula, unapima nafasi uliyonayo kati ya tairi na shokapu, na kati ya tairi na fenda, unajua kabla hujanunua. Kwa upande wa nje kemba inasaidia kwa kulaza sehemu ya juu ya tairi iingie ndani, mimi mbele nina kemba hasi karibu digrii 3 na bila hiyo fenda ingekuwa ugomvi. Kwa ndani hamna msaada, chuma ni chuma. Siku ya kufunga tuliinua gari, tukafunga rimu moja ya mbele, tukakunja usukani mpaka mwisho kushoto, mpaka mwisho kulia, halafu tukaweka jeki chini ya mkono wa chini tukapandisha gurudumu mpaka shokapu ikabana kabisa kama vile gari imelala kwenye kona. Kidole changu kidogo kilipita kati ya ubavu wa tairi na shokapu, kwa shida, lakini kilipita. Hilo ndo jaribio, gari ikiwa imesimama tu chini haikwambii kitu.

Kuhusu kimo, ile 245/40R17 kipenyo chake kamili ni kama milimita 628 na 215/45R17 ya kiwandani ni 625, kwa hiyo spidomita haidanganyi na gia hazibadiliki. Ungeweka 225/45R17 ungepanda mpaka 634, gari inainuka kidogo na gia zinarefuka, vitu viwili usivyovitaka. Na huu ndo ugomvi wangu na rimu za 18 na 19 kwenye mchezo huu, zinaongeza uzito mbali na kitovu, tairi zake ni ghali zaidi, na saizi nzuri za 200 zikiwa za 17 au 15 unazipata kwa urahisi. Wenye Miata za zamani wana raha kabisa, 15x9 na 225/45R15, kipenyo 583, gari inakaa chini na gia ya pili inavuta. Ukiweza kushuka inchi moja na kalipa za breki zikaingia, shuka. Hakikisha tu kalipa zinaingia kwa ndani ya pipa la rimu na pia kwa mbele kwenye mikono ya rimu, maana kuna rimu zinatosha kipenyo lakini mikono inagusa kalipa.

RPF1 yenyewe naipa alama za juu na sababu kubwa ni uzito kwa bei. Hii ya 17x9 ni kilo 7 na kidogo, kwa rimu pana namna hiyo ni nyepesi mno, na unaisikia ukiibeba kwa mkono mmoja. Enkei wanaimimina halafu wanaviringisha pipa kwa shinikizo likiwa na moto, chuma kinakuwa chembamba na imara zaidi kuliko ya kumimina tu. Konig wana mtindo kama huo kwenye Hypergram na Dekagram na watu wa otokrosi wengi wamehamia huko. Juu yao kuna zile za kufuliwa kabisa, yaani chuma kimegandamizwa badala ya kumiminwa, Volk TE37 ya Rays ya tangu 1996 ndo mfalme wake, imara kupita kiasi, na kama hela ipo hamna atakayekukataza. Lakini kwa otokrosi, ambako hamna mashimo wala kerbu za saketi, siioni sababu ya kulipia ile tofauti, bora hiyo hela iwe seti nyingine ya tairi. Uzito wa gurudumu una maana kwa sababu ni mzigo usiobebwa na springi na pia unazunguka, injini inauvuta kila ukitoka kona na breki inauzuia kila ukiingia. Ila nisikudanganye, kupunguza kilo moja kwenye rimu hutakuona kwenye saa kama utakavyoona kubadilisha tairi. Upana kwanza, uzito baadaye, rangi mwisho.

Na jamani rimu feki. Mwenzetu mmoja aliuziwa na muuzaji fulani rimu zinazofanana na zile maarufu kila kitu, hadi stika. Zikafika, ukigeuza nyuma hamna alama yoyote ya JWL wala VIA, zile alama za Kijapani za ubora wa rimu, iliyochongwa kwenye chuma, uzito nao uko juu sana kuliko ule wa rimu halisi. Akaambiwa kurudisha haiwezekani. Wakati wa balansi moja ikakutwa haizunguki duara kabisa. Hilo linanikera mpaka leo, kwa sababu rimu ndo inakushikilia kwenye kona, sio pambo. Geuza rimu nyuma, tafuta alama, tafuta saizi na ofseti zimeandikwa kwenye chuma chenyewe, na uipime uzito ukiweza.

Vitu vidogo vya kufunga navyo visikupite. Tundu la katikati la RPF1 ya nati tano ni milimita 73, habu ya 86 ni 56 na kidogo, kwa hiyo unahitaji pete za katikati za kuziba hiyo nafasi, la sivyo usukani unaweza kutetemeka kwenye mwendo hata kama balansi imefanywa vizuri. Mimi natumia za alumini kwa sababu za plastiki hazipendi moto wa breki. Nati nazo, 86 pamoja na kuwa ni Toyota inatumia nyuzi za Subaru, M12x1.25, sio 1.5 ya Toyota nyingi, ukilazimisha isiyo yake unaharibu stadi, ile bolti ya gurudumu. Wenye Honda mjue nati za kiwandani zina kichwa cha mviringo na rimu nyingi za kununua zinataka kichwa cha koni, nati za zamani usizirudishe kwenye rimu mpya. Kaza kwa spana ya kipimo, kwangu ni Nm 120, na urudie kukaza baada ya mwendo kidogo na kila asubuhi ya mashindano.

Upepo sasa. Hapa ndo tairi nzuri inaharibiwa au inaokolewa. Wengi wenye gari nyepesi na tairi za 200 wanaanzia psi 30 mpaka 35 tairi ikiwa na moto, halafu wanatafuta. Njia rahisi ni chaki. Chora mistari kwenye ubavu kuanzia pale kashata inapoishia kushuka chini, nenda zamu yako, rudi uangalie chaki imefutika mpaka wapi. Kuna kialama kidogo cha pembetatu begani kwenye tairi nyingi, chaki ikifutika mpaka hapo uko vizuri. Ikifutika mpaka chini yake tairi inalala, ongeza psi 2. Ikibaki juu yake umejaza mno, punguza. Mwenye kipima joto cha sindano anaweza kwenda mbali zaidi, anachoma ndani, katikati na nje ya tairi, katikati ikiwa na moto zaidi upepo umezidi, nje ikiwa na moto zaidi kemba haitoshi. Kile cha kumulika kwa mbali sikipendi sana, kinapima ngozi ya juu tu ambayo inapoa ukiwa bado unasogea kuegesha. Na kumbuka upepo unapanda kama psi 1 kwa kila digrii 5 au 6 za joto, kwa hiyo ule wa asubuhi sio wa mchana, kila nikirudi foleni napima na kupunguza mpaka namba yangu. Mwaka mzima niko hivyo na tairi zimelika sawa sawa.

Ukinunua tairi, hasa za mkononi, soma ile namba ya tarakimu nne mwishoni mwa maandishi ya DOT yaliyo ubavuni mwa tairi, mbili za kwanza ni wiki na mbili za mwisho ni mwaka, 1823 ni wiki ya 18 ya 2023. Kompaundi hizi zinakuwa ngumu na kila zikipata moto na kupoa zinapoteza kitu, kashata inaweza kuwa imejaa na tairi imeshakufa. Bonyeza kwa ukucha, kama haiingii hata kidogo achana nayo. Angalia pia kama tairi ni ya upande mmoja au ya ndani na nje, maana zile zenye mshale wa kuzunguka unaweza kuzivua kwenye rimu na kuhamishia upande wa pili ili bega lililolika likae ndani, ila zile zilizoandikwa nje na ndani huna ujanja huo, unabadilisha kushoto na kulia au mbele na nyuma tu. Na kama unaishi penye baridi kali usiziache nje, kompaundi za namna hii zikiganda chini ya sifuri na ukazisogeza zinaweza kupasuka, zivue, ziweke ndani pakavu mbali na jua na mota za umeme, vaa tairi zako za kawaida mpaka msimu urudi.